Pazia Nyuma, Familia Mbele: Picha za Nyumbani Uwandani Ufipa

Nyumba ya Ufipa haikujengwa kwa kutafuta mwanga. Ilijengwa kwa kukimbia baridi. Uwanda huu uliokaa kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa una mwinuko wa mita 1,800 hivi pale Sumbawanga, na vilele vyake vya juu vinapita mita 2,400. Sehemu kubwa ni nyasi tupu, kwa hiyo upepo wa Juni na Julai unavuma bila kizuizi, na usiku wa miezi hiyo hupoa hadi kukaribia nyuzi 10 au kushuka chini yake. Fundi mwenye akili aliweka dirisha dogo, au hakuweka kabisa. Moto ukawaka ndani, moshi ukapaka masizi kuta na paa. Ukitoka juani ukaingia, macho yanahitaji muda kabla hujamtambua aliyeketi pembeni. Kamera ilihitaji muda mrefu kuliko macho, na ndiyo maana kwa miaka mingi picha za watu wa Ufipa zilipigwa uani, nje ya mlango ambao kamera haikuweza kuuvuka.

Tofauti ya uani na sebuleni si ndogo. Nje, mpiga picha ndiye mwenyeji: yeye ndiye anachagua ukuta, jua na mpangilio, na watu wanasimama wanapoambiwa. Ndani, familia iko kwake. Mzee anajua kiti chake ni kipi, mama anajua kitambaa gani kitandikwe na mtoto gani apakatwe. Kwa hiyo ninapofuatilia jinsi kamera ilivyoingia ndani, nafuatilia jinsi watu wa uwanda huu walivyoanza kuzitawala sura zao wenyewe.

Kamera zilifika eneo hili na wageni wa ziwani. Mwaka 1879 Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika walijenga kituo Karema, chini ya uwanda, kwenye ufuko wa Tanganyika. Mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Kutoka ufukweni wamisionari walipanda kwenda uwandani, wakafungua parokia, wakafyatua matofali, wakajenga makanisa ambayo mpaka leo ndiyo majengo makubwa kuliko yote katika vijiji vingi. Walikuja pia na kamera.

Kamera ya zama hizo ilikuwa sanduku la mbao lililosimama kwenye miguu mitatu, na picha iliingia kwenye kioo kilichopakwa dawa. Vioo vikavu, vilivyobuniwa na Mwingereza Richard Leach Maddox mwaka 1871, vilimpunguzia msafiri kazi kubwa, maana kabla ya hapo kioo kilipakwa dawa papo hapo na kusafishwa kabla hakijakauka. Lakini hata kioo kikavu kilikuwa kizito wa kuhisi. Juani kilihitaji kufumba na kufumbua. Ndani ya chumba chenye dirisha dogo kilihitaji sekunde kadhaa, pengine nusu dakika. Nani angeweza kuwatuliza bibi, wajukuu sita na mtoto anayenyonya kwa nusu dakika? Basi familia ilitolewa nje. Ikapangwa kwenye baraza la misheni au mbele ya ukuta wa kanisa, jua likiwachoma macho.

Picha hizo zilikuwa na safari yake. Zilikwenda Ulaya kuchapwa kwenye majarida ya misheni na kwenye postikadi, ili waumini wa Ufaransa na Ubelgiji waone sadaka yao inafanya nini. Familia ya Kikristo iliyosimama safi mbele ya kanisa ilikuwa ushahidi. Sisemi haya kwa kulaumu. Bila wamisionari hao sura nyingi za vizazi vile tusingekuwa nazo. Ila ni haki kusema picha hizo hazikupigwa kwa ajili ya ukuta wa nyumba ya waliomo. Nyingi zimelala kwenye hifadhi za shirika huko Roma, na anayezitazama anaona wanawake, wanaume na watoto bila kujua yupi ni mama wa yupi.

Karema hiyohiyo ilikuwa na mtu ambaye maisha yake yanatuonyesha uso wa mzazi una thamani gani. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na wafanyabiashara wa watumwa, akakombolewa na Mapadri Weupe jangwani, akasomeshwa udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Alitibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Alimwoa Agnes, binti wa ukoo wa kichifu wa Wabende, na mwanawe Joseph akawa padri. Mwaka 1946 aliisimulia habari ya maisha yake katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mtu aliyeibwa akiwa mtoto hana uso wa baba wa kuwaonyesha wanawe. Anaweza kuwaeleza kijiji, mto na lugha, lakini uso hauelezeki. Wapo wengi walioishi kandokando ya ziwa hili kwa namna hiyo, maana njia za utumwa zilipita hapa, na kwao picha ya kwanza ya familia ilikuwa ndiyo mwanzo wa ukoo unaoonekana kwa macho.

Wajerumani walipotawala waliweka boma lao Bismarckburg, ambayo sasa ni Kasanga. Ujerumani ndiko pia kulikozaliwa njia ya kwanza rahisi ya kupiga picha mahali penye giza: mwaka 1887 Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walichanganya unga wa magnesiamu na kemikali nyingine, ukawashwa, ukalipuka kwa mwanga mkali. Katika kumbi za Berlin ulikuwa uvumbuzi wa ajabu. Ndani ya nyumba ya nyasi ulikuwa balaa: cheche, moshi mweupe unaojaza chumba, na paa kavu kama kuni. Hakuna mwenye nyumba aliye na akili timamu ambaye angekubali.

Huko pwani mambo yalikuwa tofauti. Zanzibar, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ilikuwa na studio za Wagoa, ya A. C. Gomes ikiwa maarufu kuliko zote, na matajiri wa mjini walikwenda kukaa mbele ya mapazia yaliyochorwa, wakashika viti vya kuchonga. Dar es Salaam ilikuwa na Walther Dobbertin, Mjerumani ambaye mamia ya picha zake yamehifadhiwa katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, studio iliyowapiga masultani na watu wa kawaida, na iliyobaki mikononi mwa familia yake hata baada ya Mapinduzi ya 1964. Mombasa, N. V. Parekh aliwapiga wapenzi, marafiki na familia za Kiswahili kwa taa zilizopangwa kwa ustadi wa sinema. Pwani kulikuwa na sharti ambalo bara halikulipa uzito uleule: mwanamke wa Kiislamu kutoonekana na mwanamume asiye maharimu wake. Kwa hiyo huko chumba cha studio kilikuwa sitara pia, na picha za wanawake zilifungiwa ndani ya albamu, hazikutundikwa popote pa kuonwa na mgeni.

Ufipa ilikuwa mbali na hayo yote. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, miaka miwili kabla Waingereza na Wabelgiji hawajaichukua nchi hii ya magharibi kutoka kwa Wajerumani. Meli ya Ziwa Tanganyika, Goetzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba, ikipita bandari za Kirando, Kipili na Kasanga. Karatasi ya picha au chupa ya dawa iliyoshuka Kipili ilikuwa bado na mlima wa kupanda kabla haijafika uwandani.

Kwa hiyo watu walikwenda kwenye picha kabla picha haijawafuata. Chini ya Waingereza vijana wa Ufipa walitoka kutafuta kodi na mahari: kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, kwenye mkonge wa Tanga, na kusini kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Miji hiyo ilikuwa na wapiga picha. Naamini Wafipa wengi waliokuwa wa kwanza kupigwa picha ndani ya chumba walipigwa mbali na Ufipa, wakiwa peke yao, katika suti ambayo pengine ilikuwa ya studio na saa ambayo pengine ilikuwa ya rafiki. Nyuma ya picha kalamu iliandika maneno ambayo Afrika Mashariki nzima iliyazoea: ukumbusho, tarehe, salamu kwa wote nyumbani. Bahasha ikapanda basi na meli, ikafika kijijini miezi baadaye.

Ndipo ulipoonekana upungufu wake. Kijana yuko ukutani, mkewe na watoto wako chini ya ukuta huo, na hakuna karatasi moja inayowaweka wote pamoja. Mama alitaka kumjibu mumewe kwa picha, na mpiga picha hakuwepo. Kwangu mimi hiki ndicho chanzo cha kiu ya picha ya familia uwandani. Haikutoka kwenye mitindo ya wakubwa wa mjini. Ilitoka kwa familia zilizogawanywa na kodi na kazi za mbali, zikataka mahali pamoja pa kukutania, hata kama ni kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja.

Aliyejibu kiu hiyo alikuwa mpiga picha wa kuzunguka, na hapa kuna jambo zuri. Alikuja na pazia. Alilitundika kwenye ukuta wa nje upande wa kivuli, akatandika mkeka au busati, akaomba kiti kutoka ndani, akaweka stuli na maua. Nje kukawa ndani. Familia ikakaa mbele ya kitambaa kana kwamba imekaa sebuleni, na kuku waliokuwa wakipita kando wakabaki nje ya picha. Chumba kilibebwa begani kabla hakijajengwa.

Kwa nini upande wa kivuli? Sumbawanga iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Tangu mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la adhuhuri linaegemea kaskazini, na ukuta uliotazama kusini unabaki kivulini. Kipindi hicho kinabeba kiangazi chote, mavuno yote, na msimu wote wa harusi. Mahindi, maharage na ulezi vimeuzwa, fedha ipo, anga ni jeupe na jua ni kali kiasi cha kuchimba mashimo meusi chini ya nyusi. Mlango wa kusini, katika miezi hiyo, unatoa mwanga mpole unaozunguka shavu bila kulikata. Mkalishe mtu hatua moja au mbili ndani ya mlango huo, uso ukiuelekea, na huna haja ya taa yoyote.

Kwa mtu mmoja, hilo latosha. Familia ndiyo mtihani. Mwanga unaoingia kwenye uwazi mdogo hupungua haraka kuliko watu wanavyodhani: aliye umbali wa mita mbili kutoka dirishani hupata takriban robo tu ya mwanga anaoupata aliye mita moja. Ukiipanga familia kuanzia dirishani kwenda ndani, bibi atang'aa na kitinda mimba atazama gizani. Lazima safu nzima igeuzwe ili kila mtu awe na umbali uleule na dirisha. Upande wa pili unainuliwa shuka jeupe lirudishe mwanga kidogo, au ukuta wenyewe uwe umepakwa chokaa. Halafu kuna lenzi. Ikifunguliwa sana ili kumeza mwanga hafifu, inaona vizuri unene mdogo tu wa nafasi. Aliye mbele anatoka wazi na aliye nyuma anafifia. Ndiyo sababu familia katika picha nyingi za zamani zimebanana katika safu moja au mbili, mabega yakigusana. Upendo upo, bila shaka, lakini lenzi nayo ilidai.

Nyuso kavu za wazee katika picha hizo zina maelezo mawili yanayoshikana. Kamera ilitaka mtu atulie sekunde nzima au zaidi, na tabasamu halitulii. Pia picha ilikuwa jambo la heshima: mzee hupigwa kama anavyopokea wageni, mikono magotini, mgongo wima. Watoto waliofundishwa kutomtazama mkubwa usoni walitakiwa ghafla walitazame tundu la kioo. Sauti ya mpiga picha inasikika mpaka leo katika studio za miji yetu: mzee, inua kidevu kidogo; mama, mlaze mtoto huku; wewe kijana, sogea kwa dada yako; haya, tulieni, msipepese.

Swali gumu zaidi lilikuwa nani akae wapi. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa kati ya 1962 na 1964 na baadaye kuandika vitabu kadhaa juu ya watu hawa, alieleza kwamba Wafipa huhesabu undugu kwa pande zote mbili, kuumeni na kukeni. Katika ukoo unaohesabiwa upande mmoja, safu inajipanga yenyewe. Hapa shangazi ana haki na mjomba ana haki, na watoto wa dada si wageni. Picha ina kingo nne, ukoo hauna kingo. Ndiyo maana familia nyingi hazikuridhika na picha moja: ilipigwa ya baba, mama na watoto, ikapigwa ya ndugu wa mama, ikapigwa ya wote, na mfuko wa mwenye nyumba ukalia.

Baada ya Uhuru wa 1961 makaratasi ya dola yalianza kudai nyuso. Shule, vyama, ajira na hati za kusafiria zilitaka pasipoti saizi, na katikati ya miaka ya 1970 Sumbawanga ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Rukwa, pamoja na ofisi zake zote. Jimbo Katoliki la Karema nalo lilikuwa limehamishia makao yake Sumbawanga mwaka 1969. Mji wenye ofisi na kanisa kuu unampa mpiga picha kazi ya mwaka mzima. Picha ndogo za makaratasi zililipa pango la chumba. Picha ya familia ndiyo iliyomfanya fundi ajivunie kazi yake.

Chumba chenyewe kilikuwa rahisi. Mbele kaunta yenye sampuli chini ya kioo, katikati pazia na viti, nyuma chumba cha giza. Kwa kuwa umeme haukuwa wa kutegemewa, mafundi wengi wa miji midogo walichapa picha kwa kugusanisha: mkanda unalazwa juu ya karatasi yenye dawa, unamulikwa kidogo, na picha inatoka kwa ukubwa uleule wa mkanda. Hii ndiyo sababu picha nyingi za wazee wetu ni ndogo, za sentimita 6 kwa 6 au 6 kwa 9. Kwenye uwanda huu baridi nayo ilikuwa adui wa fundi. Dawa ya kusafishia picha nyeusi na nyeupe hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 20. Asubuhi ya Julai ilikuwa chini sana ya hapo, na fundi asiyepasha maji alipata picha za kijivu, zilizofifia kama zimeoshwa nusu.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuja na sikukuu za kanisa, kwa maana Ufipa ni nchi ya Wakatoliki wengi. Komunyo ya kwanza, kipaimara, ndoa, nadhiri za masista, upadirisho: baada ya misa familia ilikwenda moja kwa moja studio, nguo zikiwa bado hazijakunjwa. Hapo fundi alikutana na mtihani ambao sidhani kama kuna mgumu kuushinda. Binti mwenye ngozi nyeusi amevaa gauni jeupe na shela jeupe, ndani ya chumba chenye mwanga haba. Ukipima mwanga kwa gauni, kila uzi wa lesi utaonekana na uso utakuwa shimo jeusi. Ukipima kwa uso, gauni litaungua liwe karatasi tupu. Kipimo cha mashine hakiwezi kuamua. Kinaona weupe mwingi na kuamuru mwanga upunguzwe. Fundi aliyempenda mteja wake alipima kwa uso, akaliacha gauni lipoteze nakshi kidogo. Mzazi hakupeleka mtoto studio ili akumbuke lesi.

Mikanda ya rangi ilizidisha tatizo hilo, na kosa halikuwa la fundi. Viwanda vya Amerika na Ulaya vilisawazisha rangi zake kwa kutumia picha za wanawake weupe, kadi zilizojulikana katika maabara kwa jina la Shirley. Ngozi nyeusi ilitoka ama nyekundu kama matofali ama bila sura kabisa, hasa ndani ya nyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwongozaji wa filamu Jean-Luc Godard, akiwa na kazi Msumbiji, alikataa kutumia mkanda wa Kodak kwa sababu hiyo. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada amefuatilia suala hili kwa undani, na alichokikuta kinauma: msukumo uliowafanya watengenezaji wayashughulikie vizuri zaidi mapana ya rangi za kahawia ulitoka pia kwa wenye viwanda vya samani na chokoleti, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani sawasawa. Meza ya mbao ilisikilizwa. Binti wa komunyo ya kwanza, mbele ya pazia Sumbawanga, hakuwa na mahali pa kupeleka lalamiko.

Tena mkanda wa rangi ulimnyang'anya fundi kazi yake ya gizani. Dawa zake zinatakiwa kukaa karibu nyuzi 38 bila kuyumba, jambo lisilowezekana kwenye beseni na jiko la mkaa. Mikanda ikapelekwa kwenye maabara za miji mikubwa, na mteja akasubiri. Halafu ukaja uhaba wa mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipokauka. Sabuni na nguo zilipatikana kwa foleni. Karatasi ya picha, ambayo yote ilitoka nje, haikuwa na nafasi ya mbele kwenye orodha. Kuna familia nyingi ambazo albamu zao zina pengo la miaka hiyo, na watoto waliozaliwa wakati huo hawana picha ya utotoni. Kuanzia 1984, biashara ya kuingiza bidhaa ilipolegezwa, mikanda ikarudi madukani, pamoja na kamera ndogo zenye flashi yake.

Flashi ndiyo iliyoivusha kamera mlango wa nyumba. Sasa mpiga picha aliitwa nyumbani, akaingia sebuleni pasipo kujali dirisha. Lakini mwanga unaotoka kwenye kamera yenyewe ni mkali usio na huruma: unabandika kivuli cheusi ukutani nyuma ya kila kichwa na kung'arisha vipaji vya nyuso. Waliojua kazi waliisogeza familia hatua moja au mbili mbele ya ukuta ili kivuli kianguke chini. Kuuelekeza mwanga juu urudi kwa upole kunawezekana kwenye chumba chenye dari nyeupe. Chini ya bati tupu au paa lenye masizi mwanga unamezwa wote. Hata hivyo picha hizo ninazipenda kuliko zote. Zina vitambaa vya kufuma juu ya makochi, kalenda ya parokia, redio iliyofunikwa, picha ya Papa na ya Mwalimu, na juu kabisa, ndani ya fremu, ile picha ndogo ya babu aliyepigwa Lupa au kwenye migodi ya shaba. Picha ndani ya picha. Hakuna pazia la kuchora linaloweza kusimulia hivyo.

Umeme wa Sumbawanga ulitegemea mitambo ya dizeli, kisha ukaletwa kutoka Zambia kupitia Mbala. Barabara ya lami kutoka Tunduma, kilomita 224 hivi, ilijengwa chini ya mkataba wa msaada wa Marekani wa mwaka 2008. Printa, karatasi, kompyuta na simu vilipanda uwandani kwa mwendo ambao Liemba haikuwahi kuujua. Studio za sasa zinaweza kuiweka familia mbele ya maghorofa ya Dubai kwa dakika chache. Na kila nyumba sasa ina mpiga picha wake mwenye simu, inayoona kwenye mwanga ambao mkanda wa zamani ungeuita giza.

Yaliyohifadhiwa yako hatarini, na hili nataka lisikike. Picha nyeusi na nyeupe iliyooshwa vizuri inaweza kuvuka karne; picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zinageuka nyekundu na kufutika hata zikiwa zimefungiwa kabatini. Zilizobanwa moja kwa moja kwenye kioo cha fremu hushikana nacho masika yakija na unyevu, na ukizibandua unaacha uso wa mtu kwenye kioo. Usizibandue: zipige tena hivyohivyo zilivyo, karibu na mlango wa kivuli, simu ikiwa sambamba na fremu, flashi ikiwa imezimwa. Kisha kaa na aliye mkubwa kuliko wote nyumbani, muulize kila mmoja ni nani na amezaliwa na nani, upande wa baba na upande wa mama, uyaandike majina hayo kwa penseli laini nyuma ya karatasi. Wino wa kalamu hupenya na kuchafua mbele.

Shughuli hiyo mara nyingi huanza kwa msiba. Siku hizi jeneza hutanguliwa na picha kubwa ya marehemu ndani ya fremu, na wazee wengi wa vijijini hawakuwahi kupigwa wakiwa peke yao, isipokuwa kwa kadi ya mpiga kura au kitambulisho cha taifa. Basi vijana huichukua picha ya familia, wanaipeleka kwa fundi wa kompyuta mjini, naye anamkata bibi kutoka katikati ya wanawe. Mara nyingi bega la mtu mwingine linabaki pembeni, au mkono wa mtoto ulioshika kitenge chake. Fundi huuliza kama aufute, na familia hujibizana hapo dukani, maana lazima kwanza wajue ule ni mkono wa nani.